Kashin, Sovremenny au Udaloy: uanze na manowari ipi ya Kisovieti?

Ukitaka kuchagua aina moja tu ya manowari ya makombora ya Kisovieti uisome mpaka uielewe, iwe kwa makala, kwa modeli ya kuweka mezani au kwa mchezo wa vita vya baharini, kuna majina matatu hayakwepeki: Kashin, Sovremenny na Udaloy. Kwa Warusi wenyewe ni Mradi 61, Mradi 956 na Mradi 1155. Vitabu vya Magharibi huziita zote distroya, yaani manowari za kasi za kusindikiza meli nyingine, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanza, kwa sababu jeshi lililoziagiza halikuziona kuwa ndugu wa tumbo moja. Ni Sovremenny peke yake iliyopewa jina la kale la Kirusi la distroya. Kashin iliingia kazini kama meli ya ulinzi, kisha mwaka 1966 ikahamishiwa kwenye kundi la "meli kubwa za kupambana na nyambizi". Udaloy ilizaliwa ndani ya kundi hilo hilo.

Vigezo vya kuzilinganisha ni vitano: kazi iliyokusudiwa, mitambo, silaha, historia ya utumishi, na kile unachoweza kukiona au kukijenga leo. Silaha zimewekwa za tatu kwa makusudi. Anayeanza na idadi ya makombora atazilinganisha vibaya. Kilichoamua ni meli ipi ingeendelea kusafiri na ipi ingeozea gatini kilikuwa chini ya sitaha, kwenye chumba cha mitambo.

| | Kashin (61) | Sovremenny (956) | Udaloy (1155) |
|---|---|---|---|
| Meli ya kwanza kazini | 1962 | 1980 | 1980 |
| Idadi | 20, na 5 za India | 17, na 4 za China | 12, na 1 ya toleo la 1155.1 |
| Urefu | m 144 | m 156 | m 163.5 |
| Uzito ikisheheni | tani 4,400 hivi | tani 7,900 hivi | tani 7,500 hivi |
| Mitambo mikuu | turbini 4 za gesi | boila 4, turbini 2 za mvuke | turbini 4 za gesi |
| Nguvu (farasi) | 72,000 | 100,000 | 62,000 hivi |
| Kasi ya juu (noti) | 34 na zaidi | 32 hadi 33 | 29 hadi 30 |
| Helikopta | uwanja tu, bila banda | 1 | 2 |

Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa. Kumbuka pia kwamba uzito hutofautiana kidogo kati ya meli na meli za aina moja, kwa hiyo usishangae ukikuta tarakimu nyingine zinazokaribiana na hizi.

Kazi iliyokusudiwa

Kashin ilisanifiwa mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati tishio kubwa kwa meli za Kisovieti lilikuwa ndege za Marekani zinazoruka kutoka manowari za kubeba ndege. Ilitakiwa iwe mwavuli: iandamane na meli nyingine, itungue ndege, na ikiwezekana iwinde nyambizi.

Sovremenny ilianza na wazo la kizamani, nalo ni mizinga. Distroya zilizojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili zilikuwa zinachakaa, na hapakuwa na meli mpya ya kuwasaidia kwa mizinga wanajeshi wanaoteremka ufukweni. Usanifu ukiwa njiani likaongezwa kombora la Moskit, na meli ya kusaidia ufukweni ikawa mwindaji wa meli za juu ya maji.

Udaloy ililenga adui mmoja: nyambizi za nyuklia. Watangulizi wake wa karibu, meli za Mradi 1135, hawakuwa na helikopta na sona yao, yaani kifaa cha kusikiliza nyambizi majini, ilikuwa dhaifu. Udaloy ikapewa vyote viwili kwa wingi.

Hizi mbili za mwisho zilikusudiwa kusafiri bega kwa bega, moja ikiziba pengo la mwenzake. Mfano mzuri ni mwaka 1990, meli za Kikosi cha Pasifiki zilipotembelea San Diego, Marekani: zilikwenda Admiral Vinogradov, ambayo ni Udaloy, na Boyevoy, ambayo ni Sovremenny. Ukiona mtu anabishana ipi kati ya hizo mbili "ingeshinda", jua hajaelewa kwa nini meli hizo zilijengwa.

Mitambo

Kashin ilikuwa manowari kubwa ya kwanza duniani kuendeshwa kwa turbini za gesi peke yake. Ina turbini nne, mbili kwa kila mhimili wa rafadha. Faida yake kubwa ni muda. Turbini ya gesi huwashwa ikawa tayari kwa dakika chache, wakati meli ya mvuke inayoanza na boila baridi huhitaji saa kadhaa kupasha moto na kupandisha presha. Faida ya pili ni matengenezo: turbini ikichoka huchomolewa nzima kupitia mkondo wa bomba la moshi, ikashushwa nyingine, na ile mbovu ikapelekwa kiwandani. Gharama yake ni mafuta mengi, na nafasi kubwa inayoliwa na mikondo ya hewa na moshi. Ndiyo maana Kashin ina mabomba manne mapana ya moshi yaliyosimama wawili wawili. Sauti ya turbini hizo ilijulikana mno hata mabaharia wakaziita meli hizi "frigeti zinazoimba".

Udaloy ilichukua somo hilo ikalirekebisha. Badala ya turbini nne zinazofanana, kila mhimili una ndogo ya mwendo wa kawaida na kubwa ya kuongeza kasi. Meli inayowinda nyambizi hutumia muda mwingi ikienda polepole, ikisikiliza, na turbini kubwa ikiendeshwa chini ya uwezo wake hula mafuta bila faida. Kugawanya kazi namna hii kuliipa Udaloy masafa marefu na utulivu. Ndiyo ya polepole kuliko zote tatu, na kwa kazi yake hilo halikuwa kasoro.

Tatizo la Udaloy lilikuja kutoka nje ya meli. Turbini za gesi za jeshi la majini la Kisovieti zilitengenezwa Nikolayev, mji ambao leo uko Ukraine na unaitwa Mykolaiv. Baada ya 2014 mlango huo ulifungwa kwa Urusi, na kila meli ya turbini hizo ikabaki na swali la vipuri.

Kwa Sovremenny inafaa kukaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo hatima ya aina nzima ilipoamuliwa. Kwa nini meli ya mwaka 1980 irudi kwenye mvuke wakati Kashin ya 1962 ilikwisha kuuacha? Sababu ilikuwa ya viwanda. Kiwanda cha Nikolayev hakikuweza kutosheleza miradi yote ya turbini za gesi, wakati Leningrad (leo St. Petersburg), ambako Sovremenny zilijengwa, kulikuwa na kiwanda cha Kirov chenye uwezo wa kutosha wa turbini za mvuke. Meli ikapewa boila nne za KVN-98/64. Jina lenyewe linakueleza: tani 98 za mvuke kwa saa, kwa presha ya kilo 64 kwa kila sentimita ya mraba.

Presha ya namna hiyo haivumilii maji machafu. Maji yakiwa na chumvi, tabaka gumu hujijenga ndani ya mirija ya boila. Tabaka hilo huzuia joto lisipite kwenda kwenye maji, ukuta wa mrija unapata moto kupita kiasi, chuma kinalainika, kinavimba, mwishowe mrija unapasuka. Maji yakibaki na oksijeni, kutu huchimba vishimo vidogo na matokeo ni yale yale. Kinga yake inajulikana: kusafisha maji, kuondoa hewa ndani yake, kupima kila zamu, na kuwa na watu waliofundishwa vizuri. Miaka ya 1990 Urusi ilikosa fedha za yote hayo. Mabaharia wa boila walikuwa vijana wa utumishi wa lazima wa kijeshi wanaokaa muda mfupi kisha wanaondoka, bandari nyingi hazikuweza kuzilisha meli mvuke na umeme wa kutosha, kwa hiyo mitambo ilichakaa hata meli ikiwa imefungwa gatini. Meli ambazo hazikuwa na umri wa miaka 15 zikaanza kuondolewa kazini.

Uzito wa jambo hili unaonekana kwenye meli Bystry ya Kikosi cha Pasifiki. Tarehe 24 Septemba 2010 bomba la mafuta lilipasuka kwenye chumba cha boila na moto ukalipuka. Baharia wa boila Aldar Tsydenzhapov, kijana wa miaka 19 aliyekuwa karibu kumaliza utumishi wake, aliingia kwenye moto akafunga valvu ya mafuta. Meli ilinusurika pamoja na watu wake. Yeye alifariki siku nne baadaye kwa majeraha ya moto, na mwaka 2011 akatunukiwa cheo cha Shujaa wa Urusi. Anayeandika habari za Sovremenny na kuishia kwenye kombora la Moskit amemwacha kijana huyo nje ya historia.

Silaha, na namna ya kuzitambua kwenye picha

Kashin ina virushio viwili vya mikono miwili vya Volna, kimoja omoni (mbele) na kimoja tezini (nyuma), na jumla ya makombora 32 ya kutungulia ndege. Ina mizinga pacha miwili ya milimita 76, mirija mitano ya torpedo, na virusha roketi dhidi ya nyambizi. Baadhi zilifanyiwa marekebisho zikaongezwa makombora manne ya Termit dhidi ya meli, nayo yameelekezwa nyuma. Si kosa la mchoraji. Meli ilitakiwa iifuate manowari ya kubeba ndege ya Marekani kwa karibu, na vita vikianza igeuke, ikimbie huku ikirusha. Tano za India, ambazo huitwa aina ya Rajput, ziliyaelekeza mbele, zikatoa mzinga wa nyuma na kupata banda la helikopta.

Sovremenny ina Moskit nane, manne kila upande wa daraja la nahodha. Kombora moja lina uzito wa tani nne hivi, linapaa chini karibu na mawimbi kwa kasi inayozidi mara mbili ya sauti, na toleo la mwanzo lilifika kilomita 120. Kuna pia mizinga pacha miwili ya AK-130, mmoja omoni na mwingine tezini, kila mmoja ukiweza kufyatua hadi mara 90 kwa dakika, na makombora 48 ya Uragan dhidi ya ndege. Dhidi ya nyambizi ni dhaifu: roketi za masafa mafupi, torpedo nne, helikopta moja.

Udaloy imegeuza sarafu. Ina makombora nane ya Rastrub, yanayobeba torpedo angani na kuidondosha juu ya nyambizi hadi umbali wa kilomita 50. Ina helikopta mbili za Ka-27, na chini ya omo kuna sona ya Polinom, mfumo wa tani 800 hivi. Makombora 64 ya Kinzhal yanakinga meli yenyewe kwa umbali wa kilomita 12 tu. Kwa kundi zima la meli, huo ni mwavuli mfupi, na Uragan ya Sovremenny inafika karibu mara mbili yake.

Kosa la kawaida kwenye picha: mirija minne minne pembeni ya daraja ipo kwenye Sovremenny na kwenye Udaloy, na watu huiita yote Moskit. Hata wachambuzi wa Magharibi mwanzoni walidhani kombora la ukoo wa Rastrub ni la kupiga meli. Usitazame mirija. Tazama mabomba ya moshi na mizinga. Bomba moja kubwa katikati, na mzinga mbele na nyuma, hiyo ni Sovremenny. Mabomba wawili wawili, mizinga yote miwili mbele na mabanda mawili ya helikopta nyuma, hiyo ni Udaloy. Kashin ina virushio vya mikono miwili na milingoti ya vyuma vilivyosukwa kama mnara wa simu. Admiral Chabanenko, ile pekee ya 1155.1, inavunja kanuni: ina umbo la Udaloy lakini imebeba Moskit za kweli, na mzinga mmoja pacha wa milimita 130 mbele.

Historia ya utumishi

Kashin ndiyo yenye maisha marefu na msiba mkubwa. Tarehe 30 Agosti 1974 meli Otvazhny ilikuwa Bahari Nyeusi karibu na Sevastopol, ikiwa na wanafunzi wa vyuo vya majini ndani, pale injini ya kombora ilipojiwasha kwenye ghala la tezini. Moto uliofuata ulidumu saa kadhaa, meli ikazama, watu 24 wakafa. Dada yake Smetlivy, iliyoingia kazini 1969, ilidumu hadi 2020. ORP Warszawa ya Poland, ambayo awali ilikuwa Smely, ilitumikia huko kuanzia 1988 hadi 2003. India iliistaafisha Ranjit mwaka 2019 na Rajput mwaka 2021. Rajput ndiyo iliyotumika pia kujaribia kombora la BrahMos, na Provorny, Kashin nyingine, ilikuwa ya kujaribia Uragan kabla ya kufungwa kwenye Sovremenny. Aina hii imeshika mkono wa karibu kila kizazi kilichofuata.

Sovremenny ilikuwa na umaarufu mkubwa na umri mfupi. Julai 1989 Otlichny ilitembelea Norfolk, Marekani. Muongo mmoja baadaye China ilianza kupokea zake: Hangzhou 1999, Fuzhou 2000, kisha Taizhou na Ningbo 2005 na 2006, hizi mbili za mwisho zikiwa hazina mzinga wa nyuma. Huko zilitunzwa na baadaye kubadilishiwa makombora. Ulinganisho huo unafundisha kitu: boila ni zile zile, tofauti ni matunzo.

Udaloy ndiyo iliyofika karibu na maji yetu. Aprili 2009 Admiral Panteleyev iliwakamata watu 29 walioshukiwa kuwa maharamia karibu na Somalia. Mei 2010 maharamia waliiteka meli ya mafuta Moscow University mashariki ya Ghuba ya Aden. Mabaharia 23 walijifungia chumba cha ndani, na Marshal Shaposhnikov ikawaokoa wote siku iliyofuata. Helikopta mbili na turbini za mwendo wa kawaida, vitu vilivyowekwa kwa ajili ya nyambizi, ndivyo hasa vinavyohitajika kwenye doria ndefu. Shaposhnikov hiyo hiyo ilifanyiwa ukarabati mkubwa ikarudi 2021 na makombora ya Kalibr. Aina hii nayo ina majeraha yake: Admiral Zakharov iliungua Februari 1992 baada ya ajali kwenye chumba cha turbini, haikurudi tena kazini.

Kuona na kujenga

Ukifika Kronstadt, karibu na St. Petersburg, unaweza kupanda Sovremenny halisi: Bespokoyny ni makumbusho tangu 2018.

Kwa modeli za 1:350, Sovremenny itakuwa sentimita 44.6, Udaloy 46.7 na Kashin 41. Kwa 1:700 gawanya kwa mbili. Kampuni ya modeli ya Trumpeter imetengeneza Sovremenny na Udaloy za plastiki. Kashin inamtaka mtu mwenye subira kwa sababu ya milingoti: bila vipande vya chuma chembamba vilivyochongwa kwa asidi, inaonekana kama nguzo nene na meli nzima inaharibika. Kabla ya kuweka gundi, chagua jina la meli na mwaka. Sovremenny za mwanzo zina antena ya rada kuu tofauti na za baadaye. Udaloy mbili za kwanza ziliingia kazini Kinzhal ikiwa haijakamilika, na picha zao za zamani zinaonyesha nafasi ya antena yake ikiwa tupu. Ukichanganya picha za miaka tofauti utajenga meli ambayo haijawahi kuwepo.

Uchague ipi, kwa hali gani

Kama unaandika historia ya teknolojia, au unataka aina yenye nchi nyingi, miaka mingi na mabadiliko mengi, chukua Kashin. Jiandae kwa kazi kubwa ya kufuatilia matoleo yake.

Kama swali lako ni kwa nini manowari yenye silaha kali hushindwa, chukua Sovremenny, na uanze na boila. Inafaa pia kwa anayesoma jeshi la majini la China, kwa anayejenga modeli yake ya kwanza ya ukoo huu, na kwa anayetaka kutembea juu ya sitaha yenyewe.

Kama unavutiwa na vita dhidi ya nyambizi, na uharamia wa Somalia, au na meli za Vita Baridi ambazo bado zinasafiri, chukua Udaloy. Kwenye mchezo wa vita usiitume peke yake dhidi ya ndege.

Na kama unacheza upande wa Kisovieti wa miaka ya 1980 na kanuni zinakuruhusu meli mbili, weka Sovremenny moja na Udaloy moja, ya kwanza ikitazama juu ya maji na ya pili ikisikiliza chini yake.